Ndege Asiye Kuku

Oktoba 3

Daftari hili nimepewa na binti yangu, ambaye kuanzia leo si binti yangu mpaka saa kumi jioni. Ndivyo tulivyokubaliana, au tuseme ndivyo alivyokubaliana yeye, mimi nikanyamaza. Yeye ni afisa wa msitu, bado yuko kwenye majaribio, na kazi ya kuchora ubao wa langoni amenipa mimi. Watu wasije wakasema kambeba baba yake. Kwa hiyo tukiwa msituni mimi namwita Afisa, yeye ananiita Fundi. Nyumbani tutarudi kuwa baba na mwana, kama nguvu zitakuwa zimebaki.

Ubao wenyewe ni bati pana lenye fremu ya mbao. Utasimama langoni kumwonyesha mgeni jinsi ya kumtambua ndege mmoja mdogo, mla nzi, mwenye kishungi kichwani, ambaye ndiye fahari ya msitu huu. Mkubwa wa idara atakuja kukagua mwishoni mwa mvua, na siku hiyo ubao uwe tayari. Yeye alitaka uchapwe kwa mashine mjini. Binti yangu akamwambia picha za mashine hubanduka mvua ya kwanza, na kwamba anamjua fundi wa rangi ya mafuta. Hakusema anamjuaje.

Daftari ni la kuandika ninachokiona msituni kila siku. Leo nimeona mlango wa stoo nitakamofanyia kazi. Una kutu.

Oktoba 4

Mvua.

Oktoba 6

Afisa amenieleza ndege yukoje. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu.

"Mdogo, Fundi. Ukimweka kiganjani nafasi inabaki. Dume ana kichwa cheusi kinachong'aa, na weusi wake unashuka mpaka kifuani. Kishungi kifupi. Mgongo wa kijivu cha buluu. Tumbo jeupe. Na hapa kwenye bawa pana baka jeupe. Usilisahau baka."

"Na miguu?"

"Ina umuhimu gani miguu?"

Hilo ni swali la mtu asiyejua kuchora. Mimi tangu ujana wangu nimechora kuku kwenye ukuta wa kila mgahawa wa mji huu, na hakuna mteja aliyewahi kuingia akaulizia samaki. Siku hizi migahawa inachapisha picha za kuku aliyekwisha kaangwa, wala hawaniiti tena. Lakini ndege namjua, na ndege huanzia miguuni.

Oktoba 9

Nimemaliza. Nyumbani ninacho kigezo cha karatasi ngumu nilichokikata kabla binti yangu hajazaliwa. Unakibandika, unapita pembeni kwa chaki, kuku amekwisha. Nilimpunguza tumbo, nikamng'oa upanga wa kichwani nikampa kishungi, nikamtia weusi na baka. Kwa mtu mwenye haraka, kazi safi kabisa.

Wa kwanza kuitazama alikuwa mlinzi wa lango. Huyu jina lake halitumiki, sote tunamwita Nilisema, kwa sababu jambo lolote likishatokea yeye huwa alisema. Alizunguka ubao, akainama, akasimama.

"Huyu anataga kila siku, au siku moja moja?"

Kisha akaja Afisa.

"Fundi, huyu ni kuku."

"Ana kishungi."

"Ni kuku mwenye kishungi."

"Ana baka jeupe, Afisa. Ulisema nisilisahau."

"Ni kuku mwenye kishungi na baka jeupe."

Nikamwambia amtazame kwa mbali, maana kazi ya ukutani huonekana vizuri kwa mbali. Akaenda mpaka langoni, akageuka, akatazama kwa muda mrefu. Akarudi.

"Bado ni kuku."

"Nilisema mimi," akasema Nilisema, ambaye hakuwa amesema lolote ila kuuliza habari za mayai.

Oktoba 10

Nyumbani, akinipakulia chakula, binti yangu alisema tu, "Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi." Nikala nusu.

Oktoba 14

Afisa kanipeleka msituni nikamwone ndege kwa macho yangu. Mimi ni mtu wa kuta. Kuta hazina siafu. Tulitembea yeye mbele mimi nyuma, matone yakiniingia shingoni kutoka kwenye kila tawi, mpaka akasimama na kuinua kidole.

"Sikia."

Nikasikia sauti ya kukwaruza, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua.

"Ndiye huyo. Pale, chini ya jani lile. Kahama. Kule kwenye mzabibu mwitu. Kahama tena. Umemwona?"

Nilichokiona ni majani. Kila macho yangu yalipofika, ndege alikuwa amekwisha ondoka. Lakini aliuliza kwa sauti ile ya marehemu mama yake, ambayo haipendi kujibiwa hapana.

"Nimemwona," nikasema.

Wakati wa kurudi alitangulia kwenda kupokea simu ofisini, nikabaki nyuma nikivuta pumzi. Hapo ndipo alipotokea kwenye tawi, mbele yangu kabisa, ndege mwenye kishungi na mkia mwekundu mrefu kama utepe wa zawadi. Akatulia, nikamwona vizuri. Nikajua ndiye. Kweli maelezo ya Afisa hayakuwa yakilingana naye hata kidogo, lakini watu wa ofisini huelezea vitu kutoka vitabuni, mimi nimeona kwa jicho.

Oktoba 18

Nachora. Mkia unatoka vizuri kupita kiasi.

Oktoba 21

Nimemaliza. Sina haja ya kujisifu, wengine wamefanya kazi hiyo. Waokota kuni walioingia langoni waliweka mizigo chini wakatazama. Nilisema alisema alijua tangu mwanzo kwamba nina mkono. Kesho Afisa anarudi kutoka makao makuu.

Oktoba 22

Naandika nikiwa na hasira, mwandiko unisamehe.

Afisa alisimama mbele ya ubao akanyamaza. Nilidhani ni machozi ya fahari yanamkaba.

"Kazi nzuri sana, Fundi," akasema. "Huyu ni nani?"

"Kishungi wako."

"Huyu ni ndugu yake. Tazama: mkia mrefu, mgongo wa rangi ya tofali, na umemzungushia jicho duara la buluu, tena umelichora vizuri. Wetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Sauti zao zinakaribiana, hata mimi huwa zinanidanganya. Ila kwa sura huwezi kukosea ukishamwona mmoja." Akanigeukia. "Na ulisema umemwona."

Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilikuwa fupi kama mkia wa yule mwingine.

"Sikumwona."

"Sasa kwa nini ulisema umemwona?"

"Kwa sababu uliuliza kama mama yako."

Kitu kikapita usoni mwake. Ningeishia hapo ingekuwa heri, lakini ulimi wangu una shingo ya punda, ukiushika unavuta zaidi. Nikamwambia kwamba mji mzima umeusifu ubao isipokuwa yeye. Nikamwambia mgeni akilipa kiingilio anataka kuona kitu kizuri, na huyu ni mzuri kuliko hako kakijivu kake kasikotulia. Yeye akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mgeni atakayemtafuta ndege wa kwenye ubao huu atazunguka siku nzima na kurudi akisema msitu hauna kitu.

"Basi nenda kwa hao wa mashine," nikasema.

Nikaosha brashi kwa tapentaini, nikalifunga boksi langu. Nilisema alinifungulia lango kwa heshima ya mtu anayesindikiza jeneza. Nilipofika mbali kidogo nikamsikia akimwambia mtu, "Nilisema mimi."

Oktoba 23

Sikwenda.

Oktoba 24

Sikwenda. Mvua.

Oktoba 25

Sikwenda. Nimepaka rangi kiti cha jikoni. Hakikuwa kinahitaji.

Oktoba 27

Shemeji amekuja. Huyu ni mdogo wa marehemu mke wangu, mwanamke ambaye akiingia nyumba yoyote hutafuta ufagio kabla ya kiti. Alinikuta nimekaa, akafagia kunizunguka.

"Shemeji, siku hizi umekuwa fenicha?"

"Napumzika."

"Hata fenicha hufutwa vumbi. Inua miguu." Nikainua. "Mwanao amekwambia habari za kikao?"

"Kikao gani?"

Akaegemea ufagio. Ndipo nikapata habari kamili. Makao makuu Mkubwa alimwuliza mbele ya wenzake kama ana hakika na huyo fundi wake, na yeye akajibu kwamba ubao ukikosewa, aliyekosea ni yeye. Ukikosewa, majaribio yake hayapiti. Watamtoa msituni na kumrudisha kwenye chumba cha kupiga mihuri. Na huyu ndiye mtoto ambaye tulikuwa tukimwita aje kula mpaka chakula kinapoa, yeye yuko juu ya mti anahesabu viota.

"Hakuniambia," nikasema.

"Angekwambia saa ngapi? Msituni wewe ni Fundi, nyumbani wewe ni mtu aliyenuna."

Nimeona aibu. Nayaandika hivyo hivyo yalivyo, maana daftari ni la kuandika ninachokiona.

Oktoba 28

Nimerudi kazini.

"Umechelewa, Fundi."

"Mvua, Afisa."

Jua lilikuwa linawaka. Akanitazama kidogo, kisha akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Hapo tukawa tumesameheana, na hakuna aliyelazimika kusema neno.

Nimeanza kumkwangua yule mrembo kwa msasa. Nilianzia miguuni ili asione.

Novemba 3

Mvua haikatiki. Nakwangua. Afisa alichungulia stooni.

"Fundi, humu mmejaa tandabui. Hakikisha umefagia kabla Mkubwa hajaja."

"Naam, Afisa."

Nikaendelea kukaa. Marehemu mke wangu alikuwa akisema buibui wa nyumba yetu wananijua kwa jina.

Novemba 5

Leo nimemwona. Sasa nimemwona kweli.

Mvua ilikuwa imepungua na kuwa manyunyu. Nilikuwa nimekaa juu ya debe la rangi, msasa mkononi, nikimalizia utosi wa yule mwekundu. Dirisha la stoo halina kioo. Kikaingia kitu kidogo, nikadhani ni jani limepeperushwa, lakini jani lile likasimama hewani kwenye pembe ya dari, likachomoa tandabui kwa mdomo, likatua juu ya msumari.

Sikupumua. Kichwa cheusi tii mpaka kifuani, kama mtu aliyetumbukia kwenye kopo la rangi akavutwa kabla hajazama. Tumbo jeupe safi. Mgongo wa kijivu chenye ubuluu, kama bati jipya likilowa. Na kwenye bawa, baka jeupe ambalo niliambiwa nisilisahau, na sasa hata nikitaka siwezi. Kishungi kilikuwa kimelala. Aliponiona kikainuka.

Lakini yote hayo niliyaona baadaye. Nilichokiona kwanza ni fujo zake. Mabawa ameyalegeza, mkia anaufungua na kuufunga, anageuka kushoto, anageuka kulia, kama mtu aliyepoteza funguo na teksi inamsubiri nje. Hakukaa sawasawa hata kidogo. Mkia wenyewe ni mweusi usio na mapambo, na wala si mrefu. Akaondoka na tandabui yake.

Kisha akaja wa pili. Huyu kichwa chake ni cha kijivu, hana ule weusi wa kifuani, koo lake lina madoadoa meupe, na baka lake limefifia. Naye akachukua tandabui. Nikasema moyoni, yule wa kwanza ni fundi, huyu ni mwanafunzi wake, bado hajaiva rangi.

Nikatoka mbio kumwita Afisa. Uzee na matope haviendi pamoja. Nilifika mlangoni mwa ofisi yake nikiwa nimekaa.

"Nimemwona," nikasema nikiwa pale chini.

Akanitazama kwa jicho la Oktoba.

"Miguu yake ikoje?"

"Ina umuhimu gani miguu?"

Akacheka. Tangu mvua zianze sikuwa nimemsikia akicheka. Akaniinua, nikamweleza yote, naye akaniambia kwamba mwanafunzi wangu si mwanafunzi, ni mke. Ndivyo jike alivyo, na wageni wengi humdhania ndege mwingine. Wanajenga. Kiota chao ni kikombe kidogo kwenye panda ya mti, na hukifunga kwa tandabui ili kisianguke.

"Kwa hiyo nisifagie?"

"Usifagie hata kidogo."

Tangu nizaliwe sijawahi kupewa amri nzuri namna hiyo na mwanamke wa ukoo ule.

Novemba 8

Kaja.

Novemba 9

Kaja na mkewe. Wamegombana na mjusi.

Novemba 10

Mvua kubwa. Hawakuja. Nilikaa nikitazama pembe ya dari kama mtu anayesubiri wageni na chai inapoa.

Novemba 17

Nimemaliza ubao wa tatu. Dume upande wa kushoto, jike upande wa kulia, wote wamesimama wima, wamegeuza uso pembeni, kila rangi mahali pake. Afisa alisimama na kitabu chake akilinganisha kipande kwa kipande. Akafunga kitabu.

"Ndiye," akasema. "Fundi, ndiye kabisa."

Kisha akanishika bega, ingawa ilikuwa saa za kazi. Amekwenda makao makuu kupanga safari ya Mkubwa na atarudi siku ya ukaguzi.

Novemba 18

Jambo limetokea ambalo ningependa lisingetokea.

Nilisema alikuwa ameegemea fremu ya ubao akila mkate wake. Yule dume akapita kwenye ua, akatua kwenye waya, akafanya fujo zake zote, mkia ukifunguka na kufungika. Nilisema akatafuna, akamwonyesha kwa kidole.

"Kale kandege gani kale, kasikokaa?"

"Ndiye huyo uliyemwegemea."

Akageuka akautazama ubao. Akamtazama ndege. Akarudi kwenye ubao.

"Hapana," akasema. "Huyu ametulia. Yule ana mambo."

Novemba 19

Jana mlinzi hakubisha bure, na hilo ndilo linaloniumiza. Nimechora ndege aliyekwenda studio kupiga picha ya kitambulisho. Kila kitu chake ni sahihi na hakuna mtu atakayemwona hivyo maishani. Anayesimama wima pembeni akikusubiri umalize kumtazama ni kuku. Kumbe bado nachora kuku, safari hii nimemvisha nguo za watu.

Nikiuacha, Afisa ameridhika, kitabu kimeridhika, na pengine Mkubwa naye ataridhika. Nikiufuta na nikashindwa, binti yangu anarudi kwenye mihuri, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka.

Novemba 20

Nimeufuta.

Novemba 21

Naanza na majani. Ndege atakuja baadaye.

Novemba 23

Shemeji amekuja stooni na ufagio wake.

Alikuwa amesikia Mkubwa anakuja, na kwa mujibu wake hakuna mkubwa atakayeingia mahali ambapo mkwe, yaani mimi, ameaibisha ukoo. Alikuja na ndoo, kitambaa cha kichwa na ule ufagio wa dari wenye mti mrefu. Nilikuwa juu ya debe, brashi ndogo mkononi, nikimchora jike kwenye jani.

"Shemeji, usiguse dari."

"Shemeji, pale juu pana buibui wa kuvuta mkokoteni."

"Wale ni wa serikali."

Akadhani nimepata homa. Akainua ufagio. Nikashuka kwenye debe nikasimama chini ya pembe ile, mikono nimeitanua, rangi nyeusi inanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikamweleza habari za kiota. Nikamweleza kwamba tandabui ndiyo gundi yao. Akaniambia kwamba kwa maisha yote ya dada yake nilikuwa natafuta sababu ya kutofagia, na hatimaye nimeipata mpaka msituni. Ufagio ukapita juu ya kichwa changu. Nikaudaka mti wake, yeye akauvuta, mimi nikauvuta, watu wazima wawili wenye wajukuu wa kuhesabu, na Nilisema akiwa mlangoni akitazama bila kusaidia upande wowote.

Dume ndiye aliyetuamua. Aliingia dirishani, akapita katikati ya nyuso zetu, akachomoa uzi wa buibui juu ya ncha ya ufagio wenyewe, akaufungua mkia, akaufunga, akatoka.

Shemeji akaushusha ufagio polepole.

"Dada angelipenda hilo," akasema.

Alifagia sakafu tu, kisha akaenda zake. Pembe ile hakuigusa.

Novemba 26

Nimemaliza. Rangi haikauki kwa unyevu. Mimi na Nilisema tunaupepea ubao kwa vifuniko vya ndoo, zamu kwa zamu. Mkubwa anakuja kesho kutwa.

Novemba 28

Afisa alifika asubuhi mapema, kabla ya gari la Mkubwa, akauona ubao.

Sasa ubao ni majani. Majani makubwa yaliyolowa, kivuli, na mwanga kidogo. Ndege yumo, lakini ni lazima umtafute: yuko chini ya jani, umemtazama kutoka chini kama tunavyomtazama sote, tumbo jeupe, kichwa cheusi nusu kimefichwa, mabawa yamelegea, baka linaonekana, mkia umefunguka wote. Jike yuko upande wa pili, anageuka, mdomoni ana tandabui. Chini nimeandika kwa herufi zangu, ambazo hazijawahi kukosolewa na mtu: USIANZE NA RANGI. TAFUTA ASIYETULIA. AKIFUNGUA MKIA, TAZAMA KISHUNGI, KISHA BAKA JEUPE BAWANI. MWENYE KOO LA MADOADOA NI MKEWE.

"Yuko wapi yule niliyemkubali?" akauliza.

"Nimemfuta."

"Fundi, Mkubwa yuko njiani."

"Najua, Afisa."

"Umemfuta bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema usimfute, na ungekuwa na haki."

Alikuwa hajapata nafasi ya kusema lolote honi ilipolia langoni.

Mkubwa ni mtu mrefu mwenye viatu vilivyokuwa safi mpaka aliposhuka garini. Alisimama mbele ya ubao, akatazama, akasogea, akarudi nyuma.

"Mbona sioni ndege?"

Nilimsikia Nilisema akivuta pumzi ya kuanza neno lake, nikamkanyaga. Mkubwa akainama, akasoma maandishi, akainua macho kwenye majani, akayapitisha taratibu. Kisha nikaona kidole chake kikipanda.

"Ahaa. Wewe hapo." Akatafuta tena. "Na wewe." Hakusema amependa wala amechukia.

Hapo mvua ikamwagika, tukakimbilia stooni wote: Mkubwa, dereva wake, Afisa, mimi, Nilisema, na Shemeji aliyekuwa amekuja na ufagio wake kwa dharura. Mkubwa alijipangusa uso, akatazama dari, na nikaona macho yake yakifika kwenye ile pembe. Binti yangu naye akaona. Shemeji akauficha ufagio mgongoni kama mwizi.

"Hapa hapajafagiliwa," akasema Mkubwa.

Na dirishani kikaingia kitu. Kikazunguka, kikatua kwenye msumari, kikalegeza mabawa. Kushoto, kulia. Mkia ukafunguka.

Mkubwa akamshika dereva mkono.

"Tulia. Kishungi, unakiona? Na baka lile pale bawani." Alikuwa ananong'ona. "Huyu si yule wa kwenye ubao? Ndiye yule."

Akamtazama mpaka alipoondoka na uzi wake. Alipogeuka alikuwa anatabasamu, akasema amekaa idarani tangu nywele zake zikiwa nyeusi, amesaini makaratasi ya ndege huyu bila idadi, na leo ndiyo mara ya kwanza amemtambua mwenyewe bila kuonyeshwa. Kisha akauliza:

"Afisa, fundi wa ubao huu ni nani?"

Binti yangu angeweza kusema jina la kazi yangu na mambo yakaishia hapo. Alinitazama.

"Baba," akasema.

Nami kwa mazoea ya msimu mzima nikakakamaa na kuitika:

"Naam, Afisa."

Dereva ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mkubwa, na Shemeji akalazimika kuutumia ufagio kujishikilia. Binti yangu alicheka huku anajifuta macho, na mimi nilitazama dari maana yangu hayakuwa na kitambaa.

"Nilisema mimi," akasema Nilisema. Safari hii nilimwacha.

Desemba 3

Mvua zimekatika. Majaribio yamepita, binti yangu anabaki msituni. Mkubwa alimwambia kwa simu, naye akaja stooni kuniambia kabla hajamwambia mtu mwingine.

Sasa langoni ananiita Baba mbele ya kila mtu, na tangu aanze kuniita Baba amekuwa akinituma kazi ambazo Fundi asingetumwa. Leo kasema nifagie stoo, kwa kuwa kiota kimekwisha na mayai yameshaanguliwa. Nikamwambia bado, vifaranga hawajaruka, wazazi wanaweza kuhitaji kiraka.

"Baba," akasema, "vifaranga ni wa kuku. Hawa ni makinda."

Nikachukua ufagio. Ile pembe nimeiacha.